Jinsi ya Kusikiliza Albamu ya Nyimbo za Filamu ya Kihindi: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Pakeezah

Wengi wetu nyimbo za Kihindi tumezipata kwa vipande: mmoja redioni, mwingine harusini, kiitikio cha mwingine kwenye video ya simu. Ndiyo maana mtu anaweza kujua nyimbo mia na asiwe amewahi kusikiliza albamu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwongozo huu ni wa hilo la pili. Si lazima ujue Kihindi wala kusoma noti za muziki. Tafuta albamu moja, jioni chache zisizo na kelele, na subira ya kurudia wimbo uleule hata pale kidole kinapowashwa kuuruka.

Mfano wangu ni Pakeezah, filamu ya Kamal Amrohi iliyotoka mwaka 1972. Nimeichagua kwa sababu ya kiufundi zaidi kuliko mapenzi, ingawa mapenzi yapo. Nyimbo zake kuu ni sita tu, na katika zote sita sauti ya kike ni moja, ya Lata Mangeshkar, akiimba kwa niaba ya mhusika mmoja: Sahibjaan, tawaif wa Lucknow, mji wa kaskazini mwa India. Tawaif ni msanii wa kike aliyelelewa katika nyumba ya muziki. Anaimba, anacheza, anajua mashairi na adabu za mazungumzo, na wanaume wenye fedha huja kumtazama. Wimbo wake wa ukumbini, wa kuimba na kucheza mbele ya wageni, huitwa mujra. Kwa kuwa sauti ni moja na mhusika ni mmoja, kinachobadilika kutoka wimbo hadi wimbo ni hali yake na watu walio mbele yake. Kwa hiyo swali la kubeba tangu sasa ni hili: hapa anamwimbia nani?

Hatua ya 1: Pata rekodi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Ukiandika jina la wimbo wa zamani wa Kihindi kwenye YouTube au programu yoyote ya muziki, utaletewa marundo ya matoleo, na mengi si wimbo ule uliorekodiwa kwa ajili ya filamu. Kuna yaliyoimbwa upya na waimbaji wengine. Kuna yaliyopunguzwa kasi na kujazwa mwangwi. Na kuna yale ya Jhankar Beats, mtindo ulioenea India enzi za kaseti, ambapo rekodi ya zamani hupachikwa juu yake ngoma za umeme ili ichangamke. Hayo ya mwisho yakwepe kabisa. Yanafunika tabla, zile ngoma mbili ndogo za kupigwa kwa vidole, na bila tabla nusu ya mwongozo huu haina kazi.

Angalia mambo matatu kabla ya kubonyeza. Jina la mwimbaji liwe Lata Mangeshkar (na Mohammed Rafi kwenye wimbo mmoja wa wawili). Mtunzi wa muziki aandikwe Ghulam Mohammed, mara nyingine pamoja na Naushad. Mwenye haki awe Saregama, kampuni ambayo zamani ilikuwa ikitoa santuri kwa nembo ya HMV. Ukikuta jina la DJ hapo, endelea kutafuta.

Kisha zipange nyimbo sita hivi, maana programu nyingi huzichanganya:

1. Inhi Logon Ne
2. Thare Rahiyo
3. Chalte Chalte
4. Mausam Hai Aashiqana
5. Chalo Dildar Chalo
6. Aaj Hum Apni Duaon Ka Asar Dekhenge (wakati mwingine huandikwa Teer-e-Nazar)

Tatu za kwanza ni mujra. Ya nne na ya tano ziko nje ya ukumbi kabisa. Ya sita inarudi ukumbini. Umbo hilo, ndani, nje, kisha ndani tena, ndilo hadithi ya albamu, na utalisikia hata kabla hujaambiwa neno moja la maana yake. Vikiwemo vipande vingine kwenye albamu yako, kama vile alap (uimbaji wa polepole usio na mapigo) au thumri (nyimbo za mapenzi za mtindo wa kale) fupi za wanawake wengine, viache kando kwanza. Tutavirudia.

Zipakue zote mara moja ukiwa na mtandao wa kuaminika. Utazirudia sana, na bando haina huruma.

Hatua ya 2: Sikiliza mara ya kwanza bila picha

Ficha video. Najua ni adhabu, hasa kwa filamu inayosifiwa kwa rangi zake, lakini picha humaliza swali kabla hujaliuliza. Tumia hedifoni za kawaida. Kama simu yako ina kitufe cha kuongeza besi, kizime, kwa sababu rekodi za enzi zile hazikutengenezwa kwa besi nzito, na ukiipandisha utapoteza sauti nyembamba za juu, yaani njuga, sitari na mikwaruzo ya upinde wa sarangi.

Cheza zote sita bila kusimama. Usitafute maana ya neno lolote. Mwisho wa kila wimbo, jiulize tu kama mwimbaji yuko mbele ya watu au yuko peke yake, na kitu gani kimekufanya uhisi hivyo. Andika neno moja au mawili kwenye simu. Wasikilizaji wengi hushangaa kuona wamepatia.

Kitu cha kukusaidia kupatia ni njuga. Mchezaji wa mujra hufunga miguuni mamia ya njuga ndogo, na zikisikika ujue kuna sakafu, kuna miguu, kuna watazamaji. Mausam Hai Aashiqana ina hewa nyingine, na sauti inatembea bila kusindikizwa na miguu.

Hatua ya 3: Tafuta mifupa ya wimbo

Karibu kila wimbo wa filamu ya Kihindi wa miaka ile umejengwa kwa sehemu chache, na ukizijua utazikuta popote.

Kwanza kuna utangulizi wa ala. Halafu inaingia mukhda, mistari ya kwanza ambayo ndiyo itakayokuwa ikirudi, kama kiitikio katika taarab. Baada ya hapo ala hupiga peke yake kwa muda. Kisha antara, yaani ubeti, ambao kwa kawaida hupanda juu kwa sauti na baadaye hushuka ili kukabidhi tena kwenye mukhda. Nyimbo nyingi zina antara mbili au tatu.

Chukua Inhi Logon Ne ufanye zoezi. Wakati wimbo unacheza, hesabu kwa vidole kila mukhda inaporudi. Ukishazoea, acha kuhesabu mukhda na usikilize kilicho kati yake. Majrooh Sultanpuri ameandika wimbo huu kama kesi mahakamani. Mukhda ni mashtaka: hawa watu, hawa hawa, wamenivua dupatta yangu, mtandio wangu. Halafu kila antara inaita shahidi. Kama humwamini yeye, muulize muuza vitambaa, aliyemuuzia dupatta hiyo kwa sarafu ya dhahabu kila gazi, yaani yadi. Muulize mtia rangi, aliyeitia rangi ya waridi. Muulize askari, aliyeinyakua hadharani sokoni.

Sasa rudi usikilize mukhda ya kwanza na ya mwisho. Maneno ni yaleyale na tuni ni ileile. Lakini mara ya kwanza ilikuwa utani wa mwanamke mrembo anayejidai kuibiwa, na baada ya shahidi wa tatu, mtu wa dola aliyepora mchana kweupe, utani umepata uchungu ndani yake. Muziki hautakuonyesha uchungu huo kwa kupunguza kasi. Unaendelea kuchangamka vilevile, na wanaume ukumbini wanaendelea kufurahi. Kuna wanaosema wimbo huu ni mwepesi mno kwa filamu nzito kama hii. Mimi naona ndio mzito kuliko yote sita, kwa kuwa hao anaowashtaki ndio waliolipa kumsikiliza.

Hatua ya 4: Hesabu mapigo

Usiogope hatua hii, inahitaji kiganja na paja tu. Nyimbo nyingi za filamu zimepandishwa juu ya mzunguko mmoja kati ya miwili: keherwa wenye mapigo 8, au dadra wenye mapigo 6. Wapiga tabla huisoma keherwa kwa silabi, dha ge na ti, na ka dhi na, na dadra kama dha dhi na, dha ti na.

Piga paja kwa kufuata tabla na utafute pigo la kwanza, lile zito, ambalo silabi muhimu ya mukhda hupenda kutua juu yake. Ukilipata, hesabu hadi lirudi. Ikitoka nne mbili, uko kwenye keherwa. Ikiwa inabembea tatu mbili, ni dadra. Aliyekulia na taarab ya Mombasa ana faida hapa, kwa sababu tabla na kinanda cha kukunjua kwa mkono ni vyombo anavyovijua kitambo.

Ukimaliza, sikiliza mahali ambapo tabla inanyamaza au inabadili mwendo. Watunzi hawafanyi hivyo bure.

Hatua ya 5: Fuata sauti, mwimbaji mmoja kwa mhusika mmoja

Katika sinema ya Kihindi mwigizaji huchezesha mdomo, na sauti ni ya mtu mwingine aliyerekodi studio kabla ya picha kupigwa. Utaratibu huu ulianza katikati ya miaka ya 1930, na ndio uliomfanya mwimbaji awe nyota kwa haki yake. Meena Kumari ndiye uso wa Sahibjaan. Koo ni la Lata.

Cheza Thare Rahiyo, halafu mara moja Mausam Hai Aashiqana. Katika ule wa kwanza anamwambia mpenzi asimame hapohapo amsubiri wakati yeye anajipamba: atie wanja machoni, asuke koja la maua kwenye nywele, akamilishe mapambo yake 16 ya mwanamke. Kwa msikilizaji wa pwani, mwenye kujua asumini na kikuba, wimbo huu hauhitaji tafsiri ndefu. Sikiliza jinsi Lata anavyokata maneno kwa madaha, akivuta silabi moja na kuizungusha kabla ya kuiachia. Hayo ni mapambo ya sauti yanayofanana na anachokisema. Katika Mausam mapambo yamepungua, mistari ni mirefu, na anavuta pumzi kama mtu asiye na haraka ya kumpendeza yeyote. Yuko porini kando ya mto na hakuna hadhira. Maneno ya wimbo huo aliyaandika Kamal Amrohi mwenyewe.

Chalo Dildar Chalo ndio pekee ambapo anajibiwa. Rafi anaita, twende, mpenzi, twende ng'ambo ya mwezi. Lata anajibu kwamba yuko taiyar, na hilo huhitaji kufafanuliwa. Huo wimbo hauna mengi ya kuchimba. Ufurahie upite.

Hatua ya 6: Ingia kwenye maneno

Tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi. Yanapatikana kirahisi ukiandika jina la wimbo, jina la filamu na neno lyrics. Usianze na tafsiri ya mashine. Nyimbo hizi zimeandikwa kwa Kiurdu cha kishairi, na mashine huvunja mafumbo kuwa upuuzi. Anza na sikio.

Chukua Chalte Chalte, ulioandikwa na Kaifi Azmi, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiurdu wa karne iliyopita. Kabla ya maana, sikiliza miisho: chalte, dhalte, talte, jalte. Aliyesoma shairi la Kiswahili darasani anajua hapo kuna nini. Ni vina, na Kaifi anavibana vilevile kama mtunzi wa Lamu au Pemba angevibana. Kila kina kinaporudi, wimbo nao unatua.

Kisha piga mstari chini ya maneno unayoyatambua bila kusaidiwa. Utayakuta mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu Kiurdu na Kiswahili vimekopa kutoka Kiarabu kilekile. Katika wimbo huu utakutana na zamana, ambayo hapa ina maana ya walimwengu, watu wa zama hizi wanaosema. Utakutana na mukhtasar, unaoujua kama muhtasari: anauliza kama usiku huu wa kungoja utafupika siku moja. Jihadhari tu, kwani mkopo hubadili tabia ukihama nyumba, na neno unalolijua linaweza kuwa limegeuka kidogo. Kwa yale yaliyobaki, tumia kamusi ya tovuti ya Rekhta, ambayo huandika Kiurdu pia kwa herufi za Kirumi.

Ukishayaweka pamoja, wimbo unasema hivi. Nilikutana na mtu njiani hivihivi tu, nikipita, na usiku wangu ukasimama palepale. Lile nililoshindwa kulisema sasa walimwengu wanalisimulia. Taa hizi zinazimika, zimewaka pamoja nami usiku kucha.

Sasa cheza sekunde za mwisho za rekodi kwa sauti ya juu kidogo. Wimbo unapokwisha, kinasikika king'ora cha treni. Hakijaja kwa bahati mbaya. Ndani ya hadithi, mwanamume ambaye Sahibjaan hamjui aliingia kwenye behewa la Sahibjaan, yeye Sahibjaan akiwa amelala, akaona miguu yake, akamwachia karatasi yenye maneno kwamba miguu hiyo ni mizuri mno, asiikanyagishe ardhini isije ikachafuka. Huyo ndiye mtu wa njiani. Kila usiku treni ikipita karibu, Sahibjaan husikia king'ora hicho, na kwenye rekodi kimewekwa ili nawe ukisikie. Kwa hiyo swali letu la anamwimbia nani linapata jibu la ajabu: wageni wako mbele yake wamekaa, naye anaimbia treni.

Hatua ya 7: Sasa tazama filamu

Ukifika hapa umestahili picha. Tazama filamu yote, si vipande vya nyimbo, na uwe na mambo machache ya kuchunguza.

Katika Inhi Logon Ne, angalia nyuma ya Sahibjaan. Kwenye roshani za nyumba za jirani kuna wanawake wengine wanaocheza, kila mmoja kwenye ukumbi wake. Mashtaka yaliyosikika kama ya mtu mmoja sasa yana mtaa mzima.

Katika wimbo wa sita, ambao ni mujra wa harusini, anacheza juu ya vioo vilivyovunjika na shuka jeupe linachafuka kwa damu ya miguu ileile iliyoandikiwa karatasi. Meena Kumari alikuwa mgonjwa sana wakati huo, na sehemu za kucheza zilifanywa na Padma Khanna huku uso ukifichwa. Filamu ilionyeshwa kwanza tarehe 4 Februari 1972, naye akafariki tarehe 31 Machi mwaka huohuo.

Utaona pia sura na mavazi yakibadilika kidogo hapa na pale. Filamu ilianza kutengenezwa mwaka 1956, ikasimama miaka mingi baada ya Amrohi na Meena Kumari, waliokuwa mume na mke, kutengana mwaka 1964. Ghulam Mohammed hakuiona ikiisha, alifariki mwaka 1968. Naushad, ambaye Ghulam Mohammed alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, ndiye aliyekamilisha muziki wa nyuma ya matukio na zile thumri fupi ulizoziacha kando. Zisikilize sasa, utazielewa. Tuzo ya Filmfare ya muziki wa mwaka huo ilikwenda kwa filamu ya Be-Imaan, na mwigizaji Pran, aliyeshinda tuzo kwa filamu hiyohiyo ya Be-Imaan, aliikataa yake kwa kuona Ghulam Mohammed amedhulumiwa. Sikio lako likishapita hatua hizi, unaweza kuamua mwenyewe kama Pran alikuwa na hoja. Mimi niko upande wake.

Hatua ya 8: Hamia albamu ya pili

Kabla ya kwenda mbali, pita Mombasa. Marehemu Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi na kufariki mwaka 2014, alipata jina kubwa kwa kupandisha mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi. Ukimsikiliza baada ya zoezi la mukhda na antara, utasikia anavyolazimika kupima mizani ya shairi letu ili itoshe kwenye tuni iliyokatwa kwa lugha nyingine. Mahali pengine inakaa sawasawa. Mahali pengine anavuta silabi ili ifike, na huko ndiko kwenye ufundi.

Kwa India, albamu ya kufuata ni Umrao Jaan ya mwaka 1981. Mhusika ni tawaif wa Lucknow tena, lakini kila kitu kingine ni tofauti. Mtunzi ni Khayyam, mshairi ni Shahryar, na mwimbaji ni Asha Bhosle, mdogo wake Lata, ambaye Khayyam alimtaka aimbe kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea. Fanya hatua zilezile, na swali lilelile. Halafu weka Chalte Chalte na wimbo wowote wa Umrao Jaan mmoja baada ya mwingine, usikilize jinsi dada wawili wanavyolitamka neno la mwisho la mstari kabla ya tabla kuwapokea.